Nani Ameonja

Baba yangu alikuwa amekaa miaka minane bila kunywa hata maji kutoka mkononi mwangu, na mimi nilikuwa na siku nne za kumfanya anywe. Hiyo ilikuwa Septemba ya mwaka 1993. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja Singida kwa majuma mawili, na jina la mzee Antipasi wa Sepuka lilikuwa kwenye orodha ya Ijumaa. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili, mpaka ng'ombe wake akawa anawatambua kwa kuwapapasa pembe.

Upasuaji wenyewe hakuuogopa. Tatizo lilikuwa siku za baadaye. Tuliambiwa kwamba akishapasuliwa atafungwa bandeji macho yote, alale chali siku tano, asiinuke wala asiiname, na kwamba lazima awe na ndugu wa kumlisha na kumnywesha, kwa sababu manesi ni wachache na wagonjwa ni wengi. Sisi watoto wake tuko wawili tu, mimi na mdogo wangu Ignas. Ignas ni dereva wa lori, na Alhamisi ile alikuwa anapeleka vitunguu Dar es Salaam. Mke wake, Sara, alikuwa na mimba ya miezi tisa, hata kuinama kuokota kijiko ilikuwa kazi. Nikabaki mimi.

Ignas alipomweleza hivyo, mzee alimjibu kwa utulivu kabisa. "Kama ni Theresia, nirudisheni Sepuka na macho yangu hivi hivi."

Nitaeleza kosa langu, na anayetaka kuliita kosa aliite. Mwaka 1985 nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nauza katika duka la ushirika hapa mjini, nikaitwa nyumbani. Nilikuta wageni wamejaa uani, wazee wa upande wa kijana mmoja anayeitwa Laurian, na nikaambiwa nibebe kibuyu cha pombe ya mtama nikawape. Nyumbani kwetu kinywaji hakipewi mgeni hivi hivi. Anayekileta hukionja kwanza, mgeni akiona, ndipo anampa. Ni kumwambia kwamba kilichomo humu ni salama, na kama si salama basi tutaumwa wote. Na siku ya posa, binti akionja na kumpa mzee wa upande wa pili, amekubali kuolewa. Hayo yote niliyajua tangu mdogo. Sikujua tu kwamba binti wa siku hiyo ni mimi.

Nilikuja kuelewa nikiwa nimeshapiga magoti. Mimi ni mwepesi wa hasira, sikatai, nimezaliwa hivyo na marehemu mama alinichapa sana kwa ajili hiyo bila mafanikio. Nilikiweka kibuyu chini bila kuonja. "Sijaulizwa," nilisema, na nilisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha foleni ya sukari. Wale wazee walikitazama kibuyu, wakainuka mmoja mmoja, wakachukua fimbo zao, wakaondoka na kiu yao. Kinywaji kisichoonjwa ni tusi, na baba akabaki na tusi hilo uani mwake huku majirani wakichungulia. Alisema maneno machache tu, na hakuyasema kwa ukali, ndiyo maana yaliniingia. "Kuanzia leo sitakunywa kitu cha mkono wako."

Baba si mtu wa kusema kisha akasahau. Salamu yangu aliendelea kuipokea, maana salamu hainyweki. Nikimwamkia shikamoo anajibu marahaba, anauliza habari za kazi, anauliza kama mvua ya mjini imenyesha. Lakini kila nilipokwenda kumsalimia chai niliyompikia ilipoa mbele yake, na nilipojenga vyumba vyangu viwili huku mjini hakuwahi kukanyaga. Mama alipofariki nilipika uji wa msiba siku tatu, na baba akanywa wa jirani. Hilo sikuwahi kumsamehe, na sidhani kama aliwahi kuniomba nimsamehe.

Sasa macho yake yalikuwa yanazimika kwa sababu ya kibuyu cha mwaka 1985. Nilikaa na jambo hilo usiku kucha na asubuhi nikawa na mpango. Alichoapa mzee ni mkono wangu tu. Na hotelini mtu hawi nyumbani kwa mtu, kila mmoja anakaa kwenye kiti chake na kinywaji kinaletwa na wenye hoteli. Nikiweza kumkalisha na mimi meza moja, akanywa kitu mbele yangu, hata kama ni kwa mkono wa mtu baki, labda moyo utalegea. Ulikuwa mpango mdogo lakini sikuwa na mwingine.

Hoteli zetu za sokoni nilizifuta mara moja. Kila anayeosha vyombo pale ana shangazi Sepuka, na wote wanaijua habari ya kibuyu. Baba angekaa pale kama mtu aliyeletwa barazani kuhukumiwa. Nikasema nitatafuta hoteli ya Kihindi, mahali pasipo na mtu wa kwetu. Halafu nikaanza kufikiria atakunywa nini, na hapo ndipo nilipoona ugumu wa kazi niliyojipa. Pombe aliiacha tangu ile ile siku ya posa. Soda anasema inamchoma pua. Kahawa anasema ni dawa. Baba ni mtu wa maziwa, tena maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu na kutikiswa, na mimi nilikuwa natafuta hoteli ya kumpa hayo katika mji ambao kwa wakati ule kila mtu alikuwa amepagawa na soda.

Ndivyo ilivyokuwa miaka ile ya ruksa. Tulikuwa tumetoka kwenye njaa ya vitu, miaka ambayo chupa ya soda ilikuwa ya harusi na sabuni ilikatwa vipande kama mkate. Ghafla bidhaa zikarudi. Duka letu la ushirika likafa, mimi nikaingia kwenye mitumba, na kila aliyepata jokofu akafungua mgahawa.

Jumatatu nilifunga kibanda mapema nikaanza kuzunguka. Karibu na stendi kulikuwa na Mhindi mmoja kijana aliyehamia kutoka Arusha, amefungua sehemu mpya yenye viti vya plastiki vyekundu na spika mbili kubwa kama kabati. Biriani yake, nikisema kweli, ilikuwa nzuri, nyama inaachia mfupa bila kulazimishwa. Nilimuuliza mhudumu wana kinywaji gani. Akanitajia bia za aina saba bila kupumua, akataja soda, kisha akasema kuna juisi. Nikaletewa juisi. Ilikuwa unga umekorogwa kwenye maji, ukaniacha na ulimi wa rangi ya chungwa mpaka jioni. Nilipouliza kama wana maziwa alicheka.

"Mama, hapa hatunyonyeshi."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, nikalipa na kutoka. Njiani nilijilaumu, maana biriani ile ningeipenda mwenyewe kwa siku nyingine, na sasa nisingeweza kurudi pale tena.

Jumanne nilikwenda kwa mzee mmoja wa Kiismailia mwenye hoteli ya siku nyingi nyuma ya benki. Pale palikuwa na heshima, meza zina vitambaa, na chai yao ya iliki ilikuwa inanukia mpaka mlangoni. Nilikaa nikainywa taratibu nikijaribu kumwona baba pale. Kisha nikatazama waliokaa. Makarani watupu wa ofisi za mkoa, kalamu mfukoni, wananong'ona. Baba angeingia na fimbo yake na viatu vya matairi, wangegeuka wote. Mimi ningegombana na mmoja wao, najijua. Nikamaliza chai nikaondoka.

Nilikuwa nimekata tamaa nilipopita duka la vitambaa la mzee Jamnadas na kusikia harufu ya chapati inatoka uani. Nilisimama. Mke wa Jamnadas, ambaye wote tulimwita Mama Kirit kwa jina la mwanawe, nilimfahamu tangu enzi za foleni. Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta na yeye amesimama juani kama wengine, ameshika mfuko wake, hapigi kelele wala hajifanyi mgonjwa ili apite mbele. Alizaliwa Itigi, baba yake alikuwa na duka karibu na stesheni akinunua asali na nta, na Kiswahili chake ni kama changu. Nilisukuma pazia nikachungulia. Uani kulikuwa na meza nne, turubai juu, na mkungu mdogo wa ndizi unaning'inia. Alikuwa amefungua mgahawa bila kuweka kibao.

"Theresia," alisema, "karibu. Leo mimi ndiye nipo nyuma ya kaunta."

Alinipa sahani ya chapati ndogo ndogo, dengu, bamia na achari ya embe. Nyama haikuwepo na hakuna aliyeomba radhi kwa hilo, maana kwao hawali. Niliuliza kuna kinywaji gani, nikijiandaa kusikia habari ya soda. Akaniletea glasi ndefu ya kitu cheupe chenye povu. Ulikuwa mtindi umepigwa kwa maji mpaka ukawa mwepesi, umetiwa chumvi na bizari nyembamba iliyokaangwa. Alisema wao wanauita chas. Nilikunywa nusu kwa mkupuo mmoja. Yalikuwa maziwa ya nyumbani yaliyovaa nguo za Kihindi, na nikiwa mtu mzima wa miaka thelathini nilitaka kulia mezani.

Nilimweleza yote. Yeye alisikiliza huku akichambua mchele. Katikati ya maneno yangu alisikia kiu, akachukua glasi ya shaba, akaiinua juu na kumimina maji mdomoni kutoka mbali, bila ukingo kugusa midomo. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo hata kwenye foleni. Kwao kilichoguswa na mdomo wa mtu hakipewi mwingine, na kumpa mtu kitu ulichokigusa mdomo ni kumdharau.

"Mama mkwe wangu," alisema nilipomaliza, "hakula chakula nilichopika miaka kumi na mmoja. Alisema watu wa kwetu ni wa chini kuliko wa kwao."

"Alipokuja kula alisema nini?"

"Hakula, Theresia. Alikufa."

Aliendelea kuchambua mchele. Kisha akasema nimlete mzee kesho yake saa saba, na kwamba glasi ataileta yeye kwa mkono wake mwenyewe, mimi nisiguse kitu. Nilitoka pale nimefarijika sana. Nilimwambia Ignas, naye akamwambia baba ukweli wote: kwamba ni hoteli ya Mhindi, kwamba Theresia atakuwepo. Baba alifikiri kidogo akasema, "Hotelini anakaa kila mtu." Ignas alikuja kunieleza neno hilo kutoka kwake Unyambwa, alikofikia baba, akiwa amekimbiza baiskeli njia yote, akitweta.

Jumatano niliwahi. Nilivaa kitenge nilichoshona Pasaka na nikajionya mara tatu kuhusu mdomo wangu. Saa saba kasoro Ignas alimleta baba amemshika mkono, akamkalisha, akasema anakwenda gereji kuangalia breki za lori na atarudi. Nadhani alikuwa anakimbia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama baba."

Alikuwa amezeeka. Miaka ile nilikuwa nikimtembelea kwa nusu saa nusu saa, na nikikasirika nilikuwa sitazami vizuri. Macho yake yalikuwa na rangi ya maziwa yaliyochujwa. Aliweka mikono juu ya fimbo, akanusa hewa, akasema panafanana na jikoni kwa padri. Nikamwambia chakula chao hakina nyama. Akasema nyama amekula maisha yake yote na haikumzuia kupofuka. Nilicheka, na nikaona pembe ya mdomo wake inajaribu kucheka pia. Nilianza kuamini kwamba mpango wangu utafanya kazi.

Mama Kirit alikuja mwenyewe kama alivyoahidi. Alijifunika kichwa kwa ncha ya sari, akamwamkia baba shikamoo kama mtoto wa nyumbani, akaiweka glasi mbele yake kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimeikalia mikono yangu, kweli kabisa, nimeikalia ili isiguse kitu.

"Ni nini?" aliuliza baba.

"Maziwa ya mgando, baba," alijibu Mama Kirit. "Yana chumvi kidogo."

"Asante, mama."

Halafu akangoja. Mama Kirit naye akasimama akingoja anywe. Povu likaanza kushuka kwenye glasi. Kwa muda fulani sikuelewa kinachoendelea, nilidhani anaomba dua. Ndipo nilipouona uso wake umeelekea pale aliposimama Mama Kirit, umetulia, kama mgeni yeyote mwenye adabu uani kwa watu, na nikaelewa. Alikuwa anangoja glasi ionjwe.

Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa hicho. Miaka yangu ya mjini ilikuwa imenifundisha kwamba hotelini mtu analipa na kunywa, haonjewi, na nikadhani hata baba anajua hivyo. Lakini baba hakuwahi kukaa hotelini. Kwake yeye mwenye kinywaji ni mwenyeji, na mwenyeji asipoonja ina maana anakuambia nenda zako.

Niliinuka nikamvuta Mama Kirit pembeni, karibu na jiko, nikamnong'oneza. Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo.

"Siwezi," alisema. "Nitie mdomo halafu nimpe mzee wa watu? Theresia, kwetu hilo ni kumtukana. Hata mtoto wangu simpi hivyo."

"Kwetu usipofanya ndiyo unamtukana."

"Najua, umenieleza. Lakini mkono hautaki."

Alikuwa anamheshimu baba kwa njia yake na baba alikuwa anangoja heshima kwa njia yake, na njia hizo mbili zilikuwa hazikutani popote duniani. Nyuma yetu baba alikuwa amekaa na ile glasi, mikono juu ya fimbo. Nilirudi nikakaa. Dakika zikapita. Kisha akaanza kupapasa chini ya kiti akitafuta kofia yake, na nikajua anataka kuondoka, kama walivyoondoka wale wazee wa Laurian, na kwamba safari hii akiondoka anakwenda Sepuka na giza lake na hatarudi.

Hasira zikanipanda. Sitasema nilifikiri. Nilikasirikia fimbo yake, na kofia yake, na uji wa msiba aliokunywa kwa jirani, na yule msichana wa mwaka 1985 ambaye mpaka leo nasema alikuwa na haki. Nilinyakua glasi, nikapiga funda kubwa lenye kelele, nikairudisha mezani kwa kishindo mpaka chas ikamwagika kwenye kitambaa.

Kofia ikaishia mikononi mwake. Aligeuza kichwa taratibu kuelekea kwenye sauti.

"Nani ameonja?"

Ningeweza kumdanganya. Macho yake yalikuwa yanaona vivuli tu, na vivuli vilikuwa viwili. Ningeweza kumnyooshea kidole Mama Kirit, mzee angekunywa, mambo yangekwisha. Lakini uongo huo ungekuwa nini kwangu? Angekuwa amekunywa kwa Mhindi, na mimi ningebaki pale pale nilipokuwa tangu siku ya posa.

"Mimi," nilisema.

Redio ya dukani kwa mzee Jamnadas ilikuwa inatangaza bei ya alizeti. Baba aliiweka kofia magotini, akaisawazisha ukingo kwa kidole gumba.

"Sikukuuliza wewe," alisema kwa Kinyaturu, polepole. "Wewe ulishanijibu siku nyingi." Kisha akainua uso na kubadilisha lugha, akasema Kiswahili chake kile cha kunyooka cha kuongea na wageni. "Mama mwenye hoteli. Samahani. Nakuuliza wewe. Nani ameonja?"

Mama Kirit alikuwa amesimama kati ya jiko na meza. Aliitazama glasi, yenye alama ya mdomo wangu na mafuta yangu ya nazi ukingoni. Akanitazama mimi. Nilimwona akiing'ang'ania ncha ya sari. Mwanamke huyu hakuwahi kumpa hata mwanawe kitu alichokigusa mdomo, na sasa alikuwa anaombwa aseme mbele ya watu kwamba amempa mgeni, mzee mwenye mvi. Wateja wawili wa Kihindi waliokuwa meza ya pembeni walikuwa wameacha kula. Niliwaona wakimsikiliza.

"Mimi, baba," alisema kwa sauti ya kusikika. "Nimeonja mimi."

Wale wateja waliinamia sahani zao. Nilifungua mdomo nimsahihishe, ndiyo tabia yangu, siwezi kuona neno limekaa upande nikaliacha. Baba alikuwa amenielekea mimi, si Mama Kirit. Alikuwa anasubiri kuona kama nitasema. Nikaufunga mdomo. Hakuna kitu kigumu nilichowahi kufanya kuliko kukaa kimya pale, na sijui kama baba alijua, lakini aliitikia kwa kichwa mara moja.

Akanyoosha mkono. Aliipata glasi kwa kupapasa, akaizungusha mpaka kidole kikakuta yale mafuta ya nazi, akaipeleka mdomoni upande ule ule niliokunywa mimi. Akanywa. Hakunywa funda moja la heshima, alikunywa yote, koo linapanda na kushuka, na alipoishusha kulikuwa na povu kwenye masharubu yake. Nilikuwa nimejaa furaha mpaka nikaogopa kupumua. Machozi yalikuwa yananitoka na niliyaacha yatoke, kwa kuwa nilijua haoni.

"Imetiwa chumvi," alisema baba.

"Kidogo, baba," alisema Mama Kirit. "Niwaletee chakula?"

Tulikula. Baba alisifu dengu, akaikataa bamia, akauliza kama achari hiyo inawezekana kufungwa apelekewe Sara. Hatukuzungumzia lolote la maana. Nilimweleza habari za mitumba, jinsi watu wanavyogombania makoti ya Ulaya wakati wa jua la Singida, naye akasema tuna wazimu. Mama Kirit alileta glasi ya pili, akaiweka mezani, akarudi nyuma hatua moja na kungoja. Baba hakuigusa. Mimi nikaonja, safari hii taratibu, bila kelele. Hakuna aliyeuliza kitu. Akanywa na hiyo.

Ignas alirudi mikono imejaa grisi, akasimama kwenye pazia akiangalia glasi mbili tupu upande wa baba, kisha akanitazama mimi kwa mshangao. Nilimfanyia ishara anyamaze. Baba aliinuka, akavaa kofia, akapapasa fimbo.

"Mama," alimwambia Mama Kirit, "Ijumaa watanifunga macho. Siku tano. Sitamwona anayenipa maji."

"Ndiyo, baba. Nimesikia."

"Basi namtaka huyu huyu aliyeonja leo. Mwingine simtaki."

Mama Kirit alinitazama juu ya bega la baba. Alikuwa analia na kutabasamu.

"Atakuja, baba."

"Aje asubuhi mapema," alisema baba. "Mimi huwa naamka na kiu."